Pointi za Kreyo

Mwaka ule hakukuwa na poda. Nilipoona siku inakwisha na uwanja wa shule haujapata hata doa moja jeupe, nilijua walimu tutatukanwa, na tulistahili.

Huku kwetu Bunia matokeo ya mtihani wa dola, ule wa serikali wa kumaliza sekondari, hayaji kwa barua. Unatuma namba ya mtahiniwa kwa simu, unangoja, ujumbe unarudi. Ukirudi na habari njema, jirani hahitaji kuuliza wala kuambiwa. Mama wa nyumba anatoka na kopo la poda ya watoto, anammwagia aliyefaulu kichwani, shingoni na mgongoni mpaka afanane na mtu aliyetoka kwenye mashine ya kusaga unga, kisha vijana wanampakia kwenye pikipiki na kumzungusha mjini kwa honi na kelele. Mtu mwenye poda hana haja ya kusema amefaulu. Asiye na poda siku hiyo hukaa ndani na kusingizia malaria.

Wanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho walikuwa na sabini na themanini kwa mia kwenye buletini zetu, yaani ripoti za shule. Waliofaulu mtihani wa dola walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa amehamia kwetu mwezi wa kwanza tu, akitokea shule nyingine. Wazazi walikuja kwa hasira. Baba mmoja alibeba buletini zote za mwanawe tangu darasa la saba, akazipanga juu ya meza ya prefe, yaani mkuu wa sekondari, moja baada ya nyingine, kama mtu anayecheza karata.

"Hizi pointi," akauliza, "zilikuwaka za nani?"

Prefe alizikusanya zote akamrudishia mkononi. Mwezi wa tisa tulimkuta prefe mwingine ofisini, mfupi, ametoka Butembo, anavaa koti hata jua likiwaka kiasi gani.

Nieleze kazi yetu ilivyokuwa, maana mtu wa nje anaweza kudhani tulikuwa wezi. Wezi hatukuwa. Tulikuwa waoga. Kila mwalimu alikuwa na daftari la pointi lenye safu mbili. Safu ya kushoto aliandika kwa kreyo, yaani penseli: hizo ndizo pointi alizopata mtoto kwa kichwa chake. Safu ya kulia aliiacha wazi mpaka siku ya deliberasyo, kikao cha walimu cha kuamua nani apite na nani arudie. Pale jina likitajwa, kila mtu alikuwa na neno lake. Huyu baba yake yumo kwenye kamati ya wazazi. Huyu wamekimbia vita. Huyu tukimwangusha, mama yake atamhamishia shule ya ng'ambo ya barabara pamoja na wadogo zake watatu. Baada ya maneno hayo tulichukua biki ya wino na kujaza safu ya kulia. Kupita ni hamsini, basi arobaini ya kreyo ikawa hamsini na tano ya wino, na mtoto akapita huku anaimba.

Sisi wenyewe tulijuana. Mwalimu akitaka kumjua mwanafunzi hakuuliza ana ngapi. Aliuliza, "Kreyo yake ngapi?" Swali hilo lilikuwa la chumba cha walimu, na kwa bahati mbaya lilikuwa pia la nyumbani kwangu, kwa sababu wenzangu walikuja kunywa chai kwangu na binti yangu alikuwa na masikio.

Nilifundisha hesabu na fizikia katika darasa la tatu la sayansi, lile linalotangulia mwaka wa mwisho. Nilikuwa pia mwalimu wa darasa hilo, kwa hiyo mimi ndiye niliyekusanya pointi za wote na kuzisoma mbele ya wazazi siku ya proklamasyo, ya kutangaza matokeo. Katika sayansi masomo yangu mawili ndiyo mzigo wenyewe: ukianguka yote mawili, umeanguka mwaka mzima, hata kama unasema Kifaransa kama padri. Na binti yangu wa pekee, niliyemlea mwenyewe baada ya baba yake kufariki, alikaa katika darasa hilohilo, benchi la tatu upande wa dirisha.

Pembeni yake alikaa msichana wa Fataki, mji mdogo kaskazini ya Bunia. Alikuja Bunia na mama yake walipokimbia vita kule, kila mmoja na gauni lililokuwa mwilini. Mama aliuza sombe, majani ya muhogo, sokoni, akiitwanga mwenyewe asubuhi, na vidole vyake vilikuwa vya kijani siku zote, hata Jumapili kanisani. Baba hakuwako tena. Aliyemsomesha msichana alikuwa baba yake mdogo, mchimbaji wa dhahabu kule Mongbwalu, mtu wa maneno machache. Maneno yake machache nilikuwa nayajua, kwa sababu mama aliniambia siku ya kwanza tu alipomwandikisha.

"Baba mudogo yake alisema hivi, Madame: akipita, anasoma. Akianguka mara moya tu, anaenda kule Mongbwalu kupikia bachimbaji chakula. Mara moya tu."

Nilijua, basi. Nataka ieleweke tangu sasa kwamba nilijua.

Jumamosi wasichana hao wawili walisoma kwenye kizingiti cha nyumba yangu, miguu nje, madaftari ndani. Mwanzoni nilidhani binti wa mwalimu ndiye anayemsaidia mtoto wa mkimbizi. Siku moja nikiwa nachambua maharage nyuma ya mlango nikasikia ile sauti ya Fataki, ya taratibu, ikisema, "Hapana, angalia tena. Ile nguvu haiende juu. Jiwe likianguka weye unaona linaenda wapi?" Binti yangu akasema, "Aaa." Baada ya muda akasema tena, "Aaa," kwa namna ya mtu asiyeelewa lakini anataka kwenda kunywa maji.

Niliona wivu. Nilijiambia ni furaha ya kuona watoto wanasaidiana, lakini ulikuwa wivu, na nilitupa maharage mazima pamoja na mabovu.

Wote wawili hawakuwa hodari. Nisimpambe msichana wa Fataki kwa sababu ya yaliyompata. Alikuwa amepoteza mwaka na nusu wa shule njiani na kambini, na mashimo hayo yalionekana katika kila karatasi yake. Lakini alikuwa anapanda. Muhula wa kwanza kreyo yake ilikuwa ishirini na kitu, wa pili ikafika thelathini na kitu. Kreyo ya binti yangu haikupanda wala kushuka. Ilikaa palepale kama mgeni aliyezoea kiti.

Wote wawili niliwapa wino. Msichana nilimpa kwa huruma, na binti yangu nilimpa kwa sababu ni wangu. Mama wa Fataki alipoona buletini ya sitini kwa mia aliibusu mbele yangu, ikabaki na alama ya kijani pembeni.

Mwezi wa sita, mitihani ikiwa imekwisha, prefe mpya alituita ofisini. Hakukaa. Alisema ameona mashule mengi yakifa, na hakuna iliyokufa kwa kukosa madawati.

"Mwaka huu," akasema, "deliberasyo tunaifanya na kreyo. Munaniletea fishi moya safi, karatasi ya safu moya, kreyo peke yake. Na siku ya proklamasyo, benye banaanguka batasimama, pointi zao zisomwe mbele ya bazazi. Mutoto asikie, muzazi asikie. Ukweli njo utaponyesha hii shule."

Walimu waliangalia viatu vyao. Mimi nilisimama. Sijui pepo gani aliyenipanda, ila najua nilisema vizuri sana. Nilisema tumewaharibu watoto kwa ukarimu wa bandia. Nilisema tunawapaka poda tukijua mvua iko njiani. Nilisema mimi nitakuwa wa kwanza kuleta fishi yangu, na atakayeona haya alete ya pili. Prefe alinipa mkono. Tulipotoka, mwalimu mzee wa Kifaransa, ambaye amenywa chai kwangu miaka mingi na anajua kila kitu, alinisogelea kwenye baraza.

"Madame," akasema kwa upole, "mkuki kwa nguruwe mtamu."

Akaenda zake bila kumalizia. Nilimwita mchawi moyoni mwangu.

Fishi niliiandika Jumamosi mchana, mvua ikipiga mabati, wasichana wakiwa wamehamia jikoni kwa sababu kizingiti kilikuwa kimelowa. Niliwasikia wakicheka. Mitihani ilikuwa imekwisha na walikuwa wanasukana nywele.

Nilianza na herufi za mwanzo nikateremka. Safu ya kushoto, ya kushoto, ya kushoto. Watoto niliowabeba mwaka mzima niliwatua mmoja mmoja chini, na nisikufiche, kulikuwa na utamu wake. Kuna raha katika kusema ukweli juu ya watoto wa watu. Nilipofika kwa msichana wa Fataki nikaona kreyo yake: hesabu arobaini na tatu, fizikia thelathini na tisa. Ilikuwa mara ya kwanza kufika arobaini. Wino niliokuwa nimemwandalia, kwa mazoea, bila kungoja kikao, kabla prefe hajatuita, ulikuwa sitini na hamsini na tano. Niliandika arobaini na tatu. Niliandika thelathini na tisa. Nikamkumbuka baba mdogo wa Mongbwalu, nikasema haki ni haki.

Majina mawili chini yake lilikuja la binti yangu. Kreyo: hesabu arobaini na moja, fizikia thelathini na sita. Wino: hamsini na nane, hamsini na nne.

Niliandika hamsini na nane. Niliandika hamsini na nne.

Ningependa kusema nilisita. Sikusita. Niliendelea na majina yaliyobaki mpaka mwisho, nikapuliza karatasi ikauke, nikawaita wasichana waje wale mihogo.

Siku ya proklamasyo ukumbi ulijaa. Wazazi walikaa kwenye mabenchi ya mbele, watoto nyuma kwa madarasa, sisi walimu juu ya jukwaa la mbao. Mama wa Fataki alikuwa benchi la pili. Alikuwa amevaa kitenge kipya, pengine cha kuazima, na juu ya magoti yake palikuwa na mfuko mweusi wa plastiki alioushika kwa mikono miwili. Umbo la kopo lilionekana wazi. Wazazi wengi walikuwa wameficha poda zao katika pochi. Yeye hakuwa na pochi.

Darasa langu lilipoitwa nilisimama na fishi. Nilisoma kwa Kifaransa, kama shule inavyotaka, kuanzia wa kwanza kwenda chini. Kila jina lilipata makofi yake na mzazi wake aliinuka kidogo. Jina la binti yangu lilikuja katikati, nikalisoma kwa sauti ileile niliyosomea ya wengine, na nilijisifu kwa hilo. Watu walipiga makofi zaidi, kwa heshima ya mwalimu. Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa hapigi makofi wala hacheki. Alikuwa ananiangalia, kisha akageuza uso akamwangalia mwenzake pembeni.

Orodha ya waliopita ikaisha. Nilikuwa nageuza karatasi nilipoona mkono wa kijani umeinuka benchi la pili.

"Madame, unisamehe," akasema mama wa Fataki, amesimama nusu. "Umeruka mutoto yangu."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayemkumbusha muuzaji ambaye kwa haraka amesahau kumpa mfuko. Mtu mmoja nyuma alicheka puani. Mimi nilikuwa na karatasi mkononi, na prefe ndiye aliyenijibia.

"Kaa, mama. Tutafika."

Akakaa. Akashukuru. Na kwa kuwa ameambiwa tutafika, alifungua ule mfuko, akatoa kopo, akaanza kuzungusha kifuniko chake ili liwe tayari.

Prefe akatangaza utaratibu mpya. Wanaoanguka wasimame wakiitwa. Wa kwanza alisimama, nikasoma, prefe akasema, "Kaa." Wa pili, hivyohivyo. Wa tatu alilia, prefe akangoja anyamaze ndipo akamwambia akae. Wa nne alikuwa yeye.

Alisimama wima, mikono nyuma, kama tulivyomfundisha kusimama wakati wa bendera. Nilisoma jina lake. Nilisoma hesabu, arobaini na tatu. Nilisoma fizikia, thelathini na tisa. Nilisoma kwamba anarudia darasa. Hakuangalia chini hata mara moja. Aliniangalia mimi, na usoni mwake hapakuwa na hasira. Palikuwa na hesabu. Alikuwa amekaa na binti yangu kwenye kizingiti mwaka mzima, aliona karatasi zake zote, na kichwa chake, ambacho nilikuwa nimetoka kukitangaza kuwa hakitoshi, kilikuwa kinafanya kazi mbele yangu.

"Kaa," prefe akasema.

Mama hakuwa ameelewa Kifaransa chote. Alimgeukia jirani yake, jirani akamnong'oneza. Kifuniko kilikuwa mkono mmoja na kopo mkono mwingine. Alikiangalia kifuniko muda mrefu, halafu akakirudisha mahali pake kwa uangalifu, akikikaza, asimwage hata punje.

Nje uwanja ulikuwa umechafuka kwa furaha. Poda ilipaa juu ya vichwa, watoto wakikohoa na kucheka, pikipiki zikinguruma langoni. Nilisimama chini ya baraza na binti yangu, nikiwa sijamnunulia poda. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya dhamiri niliyokuwa nayo siku hiyo. Nilimwona mama wa Fataki akija kwetu moja kwa moja, akipasua watu, binti yake akimfuata nyuma. Nilidhani anakuja kunitukana. Naapa nilitamani anitukane.

"Madame, pongezi," akasema. "Mutoto yako amepita, Mungu asifiwe. Siye kwetu, poda ikitokaka ndani ya nyumba kwa sherehe hairudie tena. Ni mukosi. Acha ifanye kazi yake."

Akafungua kopo, akammwagia binti yangu. Alimwagia yote. Kichwani, mabegani, katikati ya mistari ya nywele ambayo msichana wake mwenyewe alikuwa ameisuka, na alipomaliza akapiga kigelegele kwa sauti nzuri, ya mtu anayejua kupiga, mpaka wengine wakaitikia. Macho yake yalikuwa mekundu lakini kigelegele hakikukatika. Binti yangu alisimama kama kigingi. Machozi yalimtoka yakachora mistari miwili katika ule weupe, na watu walisema maskini, amelia kwa furaha.

Msichana wa Fataki alimpa mkono rafiki yake. "Félicitations," akampongeza. Hakunipa mimi mkono.

Kesho yake mchana mama wa Fataki alikuja nyumbani kwangu. Shule inampa mzazi siku mbili za kudai karatasi ziangaliwe upya, nami usiku ule sikuwa nimelala vizuri kwa kuwaza hilo tu: karatasi kuangaliwa. Alileta sombe imefungwa katika jani la mgomba. Hakukubali kiti, alikaa kwenye kizingiti, palepale.

"Sikuye kulalamika, Madame. Prefe alisema ukweli, na ukweli ni muzuri, hata kama unauma. Mi naomba kikaratasi tu. Umuandikie baba mudogo yake kule Mongbwalu, umwambie mutoto iko na akili, iko anapanda, amuachie mwaka moya arudie. Mwalimu akisema, atasikia. Mi nikisema, anaona ni bilio ya mwanamuke."

Karatasi moja. Mistari mitatu. Kila neno aliloomba lilikuwa kweli, na mimi ndiye niliyekuwa nimepigia ukweli hotuba ofisini. Lakini niliwaza sahihi yangu ikimsifu mtoto wa arobaini na tatu, niliwaza mtu akiileta kwa prefe kuuliza mbona anasifiwa na ameangushwa, niliwaza prefe akisema hebu tuone daftari.

"Mama, prefe amekataza walimu kuandika barua za namna hiyo," nikasema.

Prefe hakuwa amekataza kitu.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa sheria.

"Basi. Aksanti, Madame. Weye ulijikaza kumufundisha."

Aliondoka akiniachia sombe. Niliipika, kwa sababu chakula hakitupwi. Binti yangu alikuwa chumbani na alikuwa amesikia kila neno, maana nyumba yangu ukuta wake ni wa mbao. Hakula. Nilimwambia akaoge, poda bado imo katika nywele, anaonekana kama kichaa. Hakuoga pia.

Siku ya tatu, asubuhi, msichana alipanda pikipiki ya kwenda Mongbwalu. Binti yangu alimsindikiza mpaka mahali pikipiki zinapopakia, na alirudi miguu yake imejaa vumbi jekundu. Nywele zilikuwa zilezile, na mstari wa poda ulikuwa umekauka katikati ya kila msuko. Nilimuuliza kama mwenzake alilia.

"Hapana. Alinipa madaftari yake ya fizikia. Alisema kule hana kazi nayo."

Aliyaweka mezani. Nilidhani atakwenda chumbani. Badala yake alisogea katikati ya sebule, akaweka mikono nyuma, akasimama wima.

"Soma, Mama."

"Nisome nini?"

"Kreyo yangu."

Nikamwambia asilete utoto. Nikamwambia amechoka, ana njaa, akaoge kwanza. Nilipandisha sauti, na ninapopandisha sauti darasa zima hunyamaza. Hakusogea.

"Ya mwenzangu uliisoma mbele ya watu wote," akasema. "Yangu tuko siye wawili tu."

Daftari lilikuwa kabatini, chini ya Biblia, mahali pa kulificha ambapo mtoto yeyote angeanza kutafuta. Ningeweza kumdanganya. Nilifungua ukurasa nikiwa bado naamini nitamdanganya. Lakini aliyatazama macho yangu yakienda kushoto, na nikaona kwamba anayajua mahali yanapokwenda.

"Hesabu, arobaini na moja," nikasoma. "Fizikia, thelathini na sita."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, bila kushtuka, kama mtu aliyekwisha kukokotoa jibu mwenyewe na sasa analilinganisha na la mwalimu.

"Alinizidi mbili," akasema. "Na fizikia tatu."

Poda kidogo ilidondoka begani mwake. Nilifunga daftari. Nilingoja akae, nikakumbuka kwamba kule ukumbini hakuna aliyekaa mpaka alipoambiwa. Na yeye alikuwa anangoja hilo, wima, mikono nyuma, macho yake usoni pangu, na mimi, niliyesimamisha watoto wa watu, nilikosa uso wa kumwambia wangu akae.